Mwongozo Kamili wa Kumfundisha Mtoto Usalama wa Chakula Nyumbani

Mtazame mtoto wa miaka saba anayevunja yai kwa mara ya kwanza. Analigonga ukingoni mwa bakuli, ute unamchuruzika vidoleni, anajifuta kwenye nguo, anaondoa nywele usoni, na kabla hujatamka neno ameshachota chumvi kwa vidole vilevile na kurudisha kifuniko cha kopo. Hakuna alichokifanya kwa ukaidi. Hakuona uchafu wowote, kwa sababu vijidudu vinavyoweza kuwa kwenye yai bichi havionekani kwa macho, havina harufu, na wala havibadilishi ladha ya chakula. Ugumu wa somo hili upo hapo: tunamtaka mtoto ajihadhari na kitu ambacho hajawahi kukiona, na mara nyingi tunamtaka afanye hivyo kwa kumkemea tu, bila kumweleza sababu.

Jambo lenyewe ni zito. Shirika la Afya Duniani, katika makadirio yake ya mwaka 2015, lilieleza kwamba watu wapatao milioni 600 huugua kila mwaka kutokana na chakula kisicho salama, na kwamba 420,000 kati yao hufariki. Watoto walio chini ya miaka 5 walikuwa asilimia 9 tu ya watu wote duniani, lakini vifo vyao vilikadiriwa kufikia 125,000 kwa mwaka, yaani karibu theluthi moja ya vifo hivyo. Kinga ya mwili wao bado ni changa, na maji wanayoyapoteza kwa kuhara na kutapika huwaathiri haraka kuliko mtu mzima.

Mwongozo huu umepangwa kwa hatua, na ninashauri kila hatua ipewe wiki moja au mbili kabla ya kuingia inayofuata. Mtoto anayeambiwa mambo kumi kwa siku moja huondoka akikumbuka kwamba jikoni ni mahali pa kugombezwa, basi. Anayefundishwa jambo moja, akaelezwa sababu yake na akalirudia kila siku, hulifanya hata anapokuwa peke yake, na hiyo ndiyo saa tunayoihitaji tabia hiyo zaidi.

Hatua ya kwanza: jikague mwenyewe

Kabla ya kumwita mtoto jikoni, pika mlo mmoja huku ukijichunguza. Je, unanawa mikono baada ya kushika simu katikati ya mapishi? Unaonja mchuzi kwa mwiko kisha unaurudisha sufuriani? Kitambaa unachofutia meza ndicho hichohicho unachokaushia sahani? Rekebisha hayo kwanza, kwa kuwa mtoto akiona unafanya kinyume cha unavyomwagiza, atafuata anachokiona.

Hatua ya pili: mfanye aone kisichoonekana

Hatua hii ndiyo ninayoithamini kuliko zote, na ni rahisi. Mpake mtoto mafuta kidogo ya kula viganjani, kisha umnyunyizie mdalasini wa unga. Mwambie kwamba punje hizo ni vijidudu, halafu umwache azungukezunguke kwa dakika moja: afungue mlango, ashike kikombe, akushike mkono, ajikune shavu. Baada ya hapo rudini pamoja mlikopita mkatafute mdalasini. Mtaukuta kwenye kitasa, kwenye mshikio wa kikombe, kwenye mkono wako na usoni pake. Hakuna maelezo yatakayomfikishia ujumbe huo kwa uwazi zaidi.

Kisha mpeleke kunawa. Aanze na maji matupu kwa sekunde tatu au nne, kama watoto wengi wanavyonawa wanapokuwa na haraka, na ajionee kwamba mdalasini umebaki palepale, kwa kuwa mafuta yameushikilia. Ndipo atumie sabuni. Atagundua mwenyewe sehemu zinazosahaulika: katikati ya vidole, kuzunguka kucha, dole gumba na mgongo wa mkono.

Nilipofanya zoezi hili na mtoto wangu, kilichotushangaza sote wawili kilikuwa bomba. Alinawa vizuri sana, akatakata kabisa, kisha akafunga bomba alilokuwa amelishika kwa mikono iliyojaa mdalasini, na vidole vikachafuka upya. Tangu siku hiyo, aliyeshika nyama mbichi nyumbani kwetu hufunguliwa bomba na mwenzake, na kama yuko peke yake hulifungua kwa kiwiko au huosha kishikio chake kwa sabuni pamoja na mikono.

Angalizo moja: lengo si kumtia mtoto hofu. Mweleze pia kwamba vijidudu vingi havina madhara, na kwamba vingine vina manufaa, kama vile vinavyogeuza maziwa kuwa mtindi. Mtoto anayeogopa chakula hatakula vizuri, na hilo ni tatizo jingine.

Hatua ya tatu: kunawa mikono kwa utaratibu

Mfundishe mpangilio usiobadilika: kulowesha mikono kwa maji safi yanayotiririka, kupaka sabuni, kusugua kwa angalau sekunde 20, kusuuza, na kukausha kwa taulo safi au karatasi. Kukausha si pambo, kwa sababu mikono yenye maji huhamisha vijidudu kwa urahisi zaidi kuliko mikavu. Kwa kuwa mtoto mdogo hajui sekunde 20 ni muda gani, mchagulieni wimbo mfupi unaotosha muda huo.

Nyakati za kunawa zifungamane na matendo anayoyajua: kabla ya kushika chakula, kabla ya kula, baada ya kutoka chooni, baada ya kupenga kamasi au kukohoa mkononi, baada ya kucheza na mnyama, baada ya kushika takataka, na mara tu baada ya kugusa nyama, kuku, samaki au yai bichi. Dawa ya kupaka mikononi isiyohitaji maji haifai kuchukua nafasi ya sabuni jikoni, kwani haifanyi kazi vizuri kwenye mikono yenye mafuta au uchafu unaoonekana. Kidonda au mkwaruzo mkononi ufunikwe kwa plasta kabla mtoto hajaanza kazi, na kama kina usaha, asishike chakula cha wengine siku hiyo.

Hatua ya nne: kutenganisha vibichi na vilivyo tayari kuliwa

Hapa ndipo familia nyingi safi hukosea. Nyama, kuku na samaki wabichi huweza kuwa na bakteria kama Salmonella na Campylobacter. Katika kuku atakayeiva vizuri bakteria hao hufa, kwa hiyo si lazima wamdhuru mtu. Hatari huja pale wanapohamia kwenye chakula ambacho hakitapita tena motoni, kama vile saladi, matunda au mkate. Mtoto akilielewa hilo, kanuni zote za hatua hii zitamwingia bila kukariri.

Mpe swali moja la kujiuliza kila anapotaka kushika kitu: "Mkono wangu umegusa nini mwisho?" Kama jibu ni kitu kibichi kitokanacho na mnyama, mkono huo haugusi kingine chochote isipokuwa sabuni. Haugusi kopo la chumvi, mlango wa friji, simu, wala mpini wa kisu kingine. Njia nzuri ya kuanza ni kumpa kazi ya ulinzi: wewe katakata kuku, yeye akae pembeni akuangalie, na akuzuie pindi mkono wako unapoelekea mahali usipostahili. Watoto huipenda sana kazi hii, na kwa uzoefu wangu watakukamata mara mbili au tatu siku ya kwanza.

Mbao za kukatia ziwe mbili kama inawezekana, moja ya vyakula vibichi vitokanavyo na wanyama na nyingine ya mboga, matunda na mkate, nazo ziwe na rangi au alama tofauti ambayo hata asiyejua kusoma ataitambua. Kama ubao ni mmoja, mpangilio wa kazi ndio utakaowalinda: mboga na matunda hukatwa kwanza na kuwekwa kando, nyama hukatwa mwisho, kisha ubao na kisu huoshwa kwa maji ya moto na sabuni. Sahani iliyobeba nyama mbichi kwenda jikoni haibebi nyama iliyoiva kurudi mezani hadi ioshwe. Kosa hilo hutokea zaidi wakati wa kuchoma nyama, kwa kuwa watu wako nje, wanazungumza, na sahani ni ileile iliyopo karibu.

Kuku mbichi asioshwe kwenye sinki. Najua kwamba wengi tumelelewa tukiambiwa kumwosha ndiyo usafi wenyewe, na mtoto akimwona bibi yake akifanya hivyo ataona mnapingana. Mweleze kwa upole kwamba maji yanayomgonga kuku hurusha matone kwenye vyombo, bomba na nguo, na matone hayo hubeba bakteria walewale tunaotaka kuwaondoa, ilhali moto unawaua bila msaada wa maji. Kama kuna damu au unyevunyevu, apanguswe kwa karatasi, karatasi itupwe mara moja, na mikono ioshwe.

Kwenye friji, nyama mbichi hukaa rafu ya chini kabisa, ndani ya chombo kisichovuja, ili majimaji yake yasidondokee vyakula vingine. Mtoto anayepanga vitu kwenye friji anaweza kulikumbuka hili kwa kanuni fupi: kibichi chini, kilichoiva juu.

Kuna jambo ambalo watoto hawatalipenda. Unga uliokandwa kwa ajili ya keki au biskuti haupaswi kulambwa, na sababu si mayai peke yake. Unga wa ngano nao ni chakula kibichi, kwani hutoka shambani na kusagwa bila kupitishwa kwenye moto wa kuua bakteria, na umewahi kuhusishwa na milipuko ya magonjwa ya bakteria Salmonella na E. coli. Kulamba mwiko ni miongoni mwa raha kubwa za utotoni, kwa hiyo badala ya kumnyang'anya tu, mwekee kando kitu kingine cha kulamba, kama vile tunda lililopondwa, kabla ya kuchanganya unga na mayai.

Sponji na vitambaa vya jikoni vibadilishwe na kufuliwa mara kwa mara. Kitambaa chenye unyevu kinachokaa juu ya sinki siku nzima ni makazi mazuri ya bakteria, na kilichofutia majimaji ya nyama kiende moja kwa moja kufuliwa.

Hatua ya tano: kuivisha hadi katikati

Chakula kikifikia nyuzijoto 70 za Selsiasi sehemu zote, vijidudu vingi vyenye madhara hufa. Baadhi ya mamlaka za chakula hutaka kuku afikie 74. Kipimajoto cha chakula ni chombo kizuri mno kwa mtoto, kwa kuwa kinampa namba badala ya kukisia. Mwonyeshe jinsi ya kuichomeka ncha yake katikati ya sehemu nene kabisa, bila kugusa mfupa, na umwache asome. Kama hakuna kipimajoto, kata sehemu nene na mwangalie pamoja: maji ya kuku yawe meupe, yasiwe na wekundu, na mvuke utoke hadi ndani. Fahamu tu kwamba rangi peke yake hudanganya, maana nyama ya kusaga inaweza kuwa ya kahawia kabla ya kufikia joto linalotakiwa.

Nyama ya kusaga inastahili maelezo yake. Katika kipande kizima, bakteria hukaa zaidi juu, na juu ndiko moto unakopiga kwanza. Mashine ya kusaga huchukua kilichokuwa juu na kukichanganya hadi ndani, kwa hiyo kababu au mviringo wowote wa nyama ya kusaga lazima uive hadi katikati. Watoto wakubwa huifurahia hoja hii kwa sababu wanaweza kuifikia wenyewe ukiwauliza maswali.

Maikrowevu hupasha moto bila usawa na kuacha sehemu baridi. Mtoto anayeitumia akoroge chakula katikati ya muda, akifunike, na akiache kitulie dakika moja au mbili kabla ya kukila.

Hatua ya sita: saa ni kifaa cha jikoni

Kati ya nyuzijoto 5 na 60, bakteria huzaliana kwa kasi. Katika mazingira yanayowafaa, baadhi yao hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Badala ya kumhubiria mtoto namba hizo, mpe kopo la maharagwe makavu. Weka punje moja mezani na umwambie kwamba hii ni bakteria mmoja kwenye chakula kilichoachwa nje. Baada ya dakika 20 ziwe mbili, kisha nne, kisha nane, ambazo ni saa moja. Mwendelee kuongeza. Saa ya pili ikifika kutakuwa na punje 64, na saa ya tatu 512, na kopo huenda likawa limekwisha. Mwambie kwamba kufikia saa ya saba wamezidi milioni mbili. Hatasahau.

Kutokana na hesabu hiyo, chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2, na kukiwa na joto kali la nyuzi 32 au zaidi, kisizidi saa 1. Mpe mtoto wa miaka minane au tisa jukumu la kutazama saa pale chakula kinapoepuliwa na kutangaza muda unapokaribia. Sufuria kubwa ya mchuzi au maharagwe isiachwe ipoe yenyewe usiku kucha, kwa maana katikati yake hubaki vuguvugu kwa saa nyingi. Igawe kwenye vyombo vipana na vifupi ili ipoe haraka, kisha itie kwenye friji iliyo chini ya nyuzi 5.

Wali wahitaji tahadhari ya pekee, na watu wazima wengi hawalijui hili. Mchele huweza kuwa na Bacillus cereus, bakteria ambaye mbegu zake huhimili kuchemshwa. Wali ukiachwa nje, mbegu hizo huamka, huzaliana na kutoa sumu, na sumu ya kutapisha haiharibiki kwa kupashwa moto. Ndiyo sababu jibu la "nitaupasha tu hadi uchemke" halitoshi. Kiporo cha wali kiwe kimeingia friji ndani ya saa 1 hivi tangu kuepuliwa, kiliwe ndani ya siku 1, kipashwe hadi kitoe mvuke kote, na kisipashwe mara ya pili. Viporo vingine visizidi siku 3 kwenye friji. Kama hakuna friji, pika kiasi kitakacholiwa kwa mlo huo.

Nyama iliyogandishwa iyeyushwe ndani ya friji tangu jana yake, si juu ya meza, kwa kuwa nje yake hupata joto ilhali ndani bado ni barafu.

Hatua ya saba: maji, matunda na tarehe

Matunda na mboga vioshwe kwa maji safi yanayotiririka hata kama vitamenywa, kwa sababu kisu hupeleka uchafu wa ganda hadi ndani. Mfundishe mtoto kuacha kopo lililovimba au linalovuja, na asiruhusiwe kulionja ili kujaribu. Anayejua kusoma ajue kwamba tarehe ya mwisho ya kutumika inahusu usalama, ilhali ile ya "bora kabla ya" inahusu ubora.

Mtoto mkubwa anayemlisha mdogo wake aelezwe mambo mawili kwa mkazo. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja hapewi asali hata kidogo, kwa kuwa inaweza kuwa na mbegu za bakteria wanaosababisha botulizimu, ugonjwa hatari unaolegeza misuli, kwa watoto wachanga. Njugu nzima, zabibu nzima na vipande vigumu vya mviringo wasipewe walio chini ya miaka 5, maana huweza kuwakaba.

Kazi zinazolingana na umri

Mtoto wa miaka 3 hadi 5 anaweza kuosha matunda, kuchambua mboga za majani na kukoroga vitu baridi. Kuanzia miaka 6 hadi 8 anaweza kukata vitu laini kwa kisu butu, kuvunja mayai na kunawa papo hapo, na kupanga friji. Wa miaka 9 hadi 12 anaweza kupima joto, kupasha kiporo na, ukiwa karibu naye, kupika jikoni, mradi mishikio ya sufuria ielekezwe ndani na kifuniko kifunguliwe kwa kukielekeza mbali na uso. Nyama mbichi ningeiacha hadi mtoto awe ananawa bila kukumbushwa kwa mwezi mzima. Kigezo hicho ni bora kuliko miaka, kwani wapo wa miaka minane walio makini na wapo wa kumi na tatu ambao bado.

Mtoto akiumwa tumbo

Mtoto mwenye kuhara au kutapika asishike chakula cha wengine hadi zipite saa 48 tangu dalili zikome. Mweleze kwamba hiyo si adhabu. Mpe maji ya mchanganyiko wa chumvi na sukari wa paketi (ORS), yaliyochanganywa kama yanavyoelekezwa, kidogokidogo na mara kwa mara, na usimpe dawa ya kuzuia kuhara bila ushauri wa mhudumu wa afya. Mpeleke kituo cha afya bila kuchelewa ikiwa kuna damu kwenye choo, homa kali, kutapika kunakomzuia kunywa, macho yaliyozama, mkojo uliopungua sana, au ulegevu usio wa kawaida, na uende haraka zaidi kama ni mchanga. Kumbuka kumweleza mhudumu alichokula na lini, tangu siku kadhaa nyuma, kwa kuwa baadhi ya maambukizi huchukua siku mbili, tatu au zaidi kujitokeza na mara nyingi mlo unaolaumiwa sio uliomdhuru.